Babake Shakespeare na siri za madaftari kuukuu

Hakuacha barua wala picha. Lakini faini, madeni na kesi zake zimewawezesha watafiti kumfuata hatua kwa hatua kwa karibu miaka 50.

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Aprili 29, 1552, mfanyabiashara mmoja wa mji mdogo wa Stratford-upon-Avon, nchini Uingereza, alitozwa faini ya shilingi moja. Kosa lake? Kurundika taka katika barabara ya Henley badala ya kuzipeleka kwenye jaa lililotengwa na wakuu wa mji. Majirani wake wawili, Humphrey Reynolds na Adrian Quiney, waliadhibiwa pamoja naye.

Mkazi wa Nairobi au Mombasa aliyewahi kukimbizana na askari wa jiji kwa sababu ya taka atatabasamu. Lakini karatasi hiyo ya faini ina thamani kubwa. Ndiyo kumbukumbu ya kwanza kumwonyesha bwana huyo akiishi mjini Stratford. Jina lake ni John Shakespeare. Naam, huyu ndiye baadaye alimzaa William, yule mwandishi wa tamthilia ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamfahamu kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969.

Kwa muda mrefu mzee huyu alisimuliwa kama baba aliyewaangusha wanawe. Inasemekana alikuwa tajiri, akafilisika, akamwondoa kijana wake shuleni ili aje kumsaidia kazi. Wengine walidai kwamba alikuwa mzembe tu asiyejua kutunza mali. Je, ukweli ni upi? Mzee mwenyewe hakuandika lolote la kujitetea. Waliomtetea ni makarani, waliokuwa wakiandika mambo mengine kabisa bila kujua kwamba kuna mtu angewasoma karne nne baadaye.

Alama badala ya sahihi

Ukitaka kumfuata John, kwanza ni lazima ujue kazi yake. Na hapo ndipo wazee wa zamani walipogongana. Mwandishi John Aubrey, katika karne ya 17, alisema mzee huyo alikuwa bucha. Nicholas Rowe, mwaka 1709, akasema la, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa sufu, yaani manyoya ya kondoo.

Kisha karatasi zikatoa jibu la tatu. Mnamo 1556 mtu mmoja, Thomas Siche, alimshtaki John akimdai pauni nane. Katika kesi hiyo karani aliandika kazi ya mshtakiwa: mtengenezaji wa glavu. John alishinda kesi, nasi tukapata kazi yake. Alinunua ngozi, akazilainisha hadi zikawa nyeupe, kisha akazishona glavu.

Ushahidi mwingine uko chini ya karatasi za baraza la mji. Mahali pa kutia sahihi, John alikuwa akichora bikari, kile chombo chenye miguu miwili ambacho fundi wa glavu hutumia kupimia ngozi. Wengi wamehitimisha kwamba hakujua kuandika. Lakini tusiharakishe. Yule jirani yake wa taka, Adrian Quiney, naye alitia alama badala ya jina mara nyingine, ilhali barua zake zimehifadhiwa hadi leo. Alama haimaanishi lazima kwamba mtu ni mbumbumbu. Huenda fundi alijivunia tu chombo chake cha kazi.

Kutoka mpangaji hadi mkuu wa mji

Baada ya hapo John anapanda ngazi, na kila kipandio kina karatasi yake. Mwaka huo huo wa 1556 alinunua nyumba katika barabara ya Henley na nyingine Greenhill, pamoja na bustani. Alipewa pia kazi ya kukagua pombe na mikate ya mji.

Halafu akaoa. Babake John, mzee Richard, alikuwa mkulima mpangaji katika ardhi ya Robert Arden, kwenye kijiji cha Snitterfield. Arden alipoandika wasia wake mnamo 1556, alimwachia binti yake kitinda mimba, Mary, shamba la Asbies huko Wilmcote. Muda si muda Mary akawa mke wa John. Fikiria hilo kidogo: mwana wa mpangaji amemwoa binti wa mwenye ardhi, na shamba likaja naye.

Daftari la ubatizo la kanisa la Stratford linawataja watoto wanane wa nyumba hiyo. Margaret alizaliwa 1562 na kuzikwa mwaka uliofuata. William alibatizwa Aprili 26, 1564. Miezi mitatu baadaye, katika daftari lilo hilo, kasisi aliandika kwa Kilatini kwamba tauni imeanza. Agosti 30 mwaka huo, wakuu wa mji walikutana nje bustanini kwa hofu ya maambukizi, wakachanga pesa za kuwasaidia waliokumbwa na maradhi. John Shakespeare, akiwa na mtoto mchanga nyumbani, alitoa peni 12.

Kufikia hapo alikuwa ametunza hazina ya mji. Mwaka 1565 akachaguliwa kuwa mmoja wa wazee wa baraza, na 1568 akafikia kilele: mkuu wa mji, kama meya wa siku hizi. Hesabu za kipindi chake zinaonyesha jambo la kupendeza. Vikundi viwili vya waigizaji vilipita mjini na kulipwa kutoka kwa hazina: kimoja kilipata shilingi tisa, kingine shilingi moja. William alikuwa na umri wa takriban miaka mitano. Hakuna karatasi inayosema kwamba alikaa mbele kutazama, lakini aliyeidhinisha malipo hayo alikuwa babake.

Kiti kitupu barazani

Ghafla mambo yakageuka. Kuanzia Januari 1577, jina la John halionekani tena miongoni mwa waliohudhuria mikutano. Baada ya miaka mingi ya kufika bila kukosa, akatoweka. Tangu hapo alionekana barazani mara moja tu, mwaka 1582.

Mnamo 1578 aliliweka rehani lile shamba la Asbies kwa Edmund Lambert, mume wa dadake Mary, ili apate pauni 40. Alitakiwa alipe kufikia mwishoni mwa Septemba 1580. Siku ikafika, shamba halikurudi. John alidai baadaye kwamba alipeleka pesa lakini shemeji akakataa kuzipokea kwa kuwa kulikuwa na madeni mengine. Aliyeshikilia rehani alibaki na shamba. Kesi ziliendelea hadi miaka ya 1590, na urithi wa mama haukurudi kamwe. Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Kesi hiyo ina faida moja isiyotarajiwa. Kuna kipindi cha maisha ya William, kati ya 1585 na 1592, ambacho wanahistoria huita miaka iliyopotea kwa sababu hakuna anayejua aliishi wapi. Katika kipindi hicho jina lake linaonekana mahali pamoja tu: ndani ya karatasi za mahakama za 1588, ametajwa pamoja na wazazi wake wakipigania shamba la Asbies.

Ukurasa mwingine unagusa moyo zaidi. Novemba 1578 baraza liliamua kwamba kila mzee wa baraza atoe peni nne kwa juma kwa ajili ya maskini. Kisha karani akaongeza kwamba wawili wasamehewe, wasitoe chochote. Mmoja alikuwa John Shakespeare. Yule aliyetoa peni 12 wakati wa tauni sasa hakuwa na za kutoa.

Ajabu ni kwamba wenzake hawakumfukuza. Waliacha kiti chake wazi kwa karibu miaka kumi, na ni mwaka 1586 tu walipomchagua mwingine, wakieleza kwamba hajafika mikutanoni kwa muda mrefu licha ya kuitwa. Watu hawamvumilii mlevi au mwizi wa hazina kwa miaka kumi. Wenzake walijua jambo ambalo kumbukumbu za baraza halikusema.

Siri ya sufu

Jambo hilo lilikuwa limelala London, katika kumbukumbu za mahakama ya hazina ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mwaka 1984 watafiti wawili, D. L. Thomas na N. E. Evans, walichapisha walichokipata humo.

Mnamo 1570 John alishtakiwa kwa kutoza riba. Ilidaiwa kwamba alikuwa amemkopesha bwana John Mussum pauni 80 na tena pauni 100, kila mkopo kwa riba ya pauni 20. Ili msomaji apate picha, mwalimu mkuu wa shule ya Stratford wakati huo alilipwa pauni 20 kwa mwaka mzima. Fundi wa glavu alikuwa akikopesha mshahara wa miaka tisa wa mwalimu!

Mnamo 1572 yakaja mashtaka mengine: kununua sufu kinyume cha sheria. Kwa mujibu wa mashtaka, mwaka 1571 alinunua todi 200 akiwa na mwenzake, na nyingine 100 peke yake. Todi moja ilikuwa ratili 28, kwa hivyo zote zilikuwa ratili 8,400, karibu kilo 3,800. Kwa bei ya shilingi 14 kwa todi, hiyo ni pauni 210.

Huo haukuwa mzigo wa fundi wa kushona glavu. Huyu alikuwa broka. Sheria ya 1552 iliwaruhusu kununua sufu watengenezaji wa nguo na wafanyabiashara maalumu wa kuipeleka ng'ambo tu. Watu wa katikati waliitwa walanguzi, wakalaumiwa kwa kupandisha bei. Lakini fundi wa ngozi za kondoo hukutana na wafugaji kila siku. Anayenunua ngozi leo anaonyeshwa manyoya kesho. Ni vigumu kukataa biashara iliyokwisha kubisha mlangoni.

Waliomfikisha mahakamani hawakuwa polisi. Sheria ilimruhusu raia yeyote kumshtaki mvunjaji wa sheria hizo, na akishinda, faini iligawanywa nusu kwake na nusu kwa Malkia. Wakatokea watu ambao riziki yao ilikuwa kuchongea. Mfanyabiashara akiwa na maadui kidogo na mali nyingi, alikuwa windo zuri.

Kisha, katika Oktoba na Novemba 1576, serikali ilifunga mlango zaidi. Biashara ya sufu ilisimamishwa kwa muda, na mabroka wakatakiwa kuweka dhamana ya pauni 100 kwamba hawataendelea na ulanguzi. Miezi miwili baadaye kiti cha John barazani kikawa kitupu. Baadhi ya watafiti wanaona kwamba hiyo si sadfa.

Habari hazikuishia hapo. Mwaka 2018 mwanahistoria Glyn Parry alitangaza kwamba amepata katika Nyaraka za Kitaifa za Uingereza hati 21 ambazo hazikuwa zikijulikana. Zinaonyesha kwamba masaibu ya John na hazina ya Malkia yalimwandama hadi 1583. William alikuwa na miaka 19 wakati huo, tayari ana mke na mtoto. Ina maana kijana huyo alikulia katika nyumba ambayo mlango ukibishwa, watu wanatazamana kwanza. Anayesoma Mabepari wa Venisi na kumwona Shylock akidai haki yake mahakamani, huenda atajiuliza mwandishi alijifunzia wapi harufu ya deni.

Karatasi nazo hupotosha

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba karatasi ni msahafu. Rowe aliandika kwamba John alikuwa na watoto kumi. Daftari la ubatizo lina wanane. Wawili wengine walitoka wapi? Ilikuja kufahamika kwamba katika miaka ya 1580 na 1590 kulikuwa na John Shakespeare mwingine mjini humo, mshonaji viatu, ambaye pia aliwabatiza watoto. Watu wawili walikuwa wamesomwa kama mmoja. Sisi tunaojua kwamba kila darasa lina akina Otieno watatu na akina Kamau wanne tunaelewa jinsi kosa kama hilo hutokea. Ndiyo sababu mtafiti haangalii jina peke yake. Anatazama kazi, mtaa, mke na ile alama ya bikari.

Mfano mwingine ni wa juzijuzi. Mnamo 1757 fundi aliyekuwa akikarabati paa la nyumba ya barabara ya Henley alipata kijitabu cha kiapo cha imani ya Kikatoliki chenye jina la Shakespeare. Kijitabu chenyewe kilipotea, ikabaki nakala. Kwa zaidi ya miaka 200 kilitajwa kama ushahidi kwamba John alikuwa Mkatoliki wa siri. Mwaka 2024 msomi Matthew Steggle wa Chuo Kikuu cha Bristol alieleza kwamba maneno ya kijitabu hicho yanatokana na maandishi ya Kitaliano yaliyotoka miaka mingi baada ya John kufa. Kwa maoni yake, mwenye kiapo alikuwa Joan, binti wa John, aliyeishi katika nyumba hiyo hadi alipofariki mwaka 1646.

Na kuna orodha ya 1592 ya watu wasiokwenda kanisani, jambo lililokuwa kosa. Pembeni mwa jina la John na wengine wanane imeandikwa kwamba wanaogopa kukamatwa kwa sababu ya madeni. Kuna wasomi wanaosema hicho kilikuwa kisingizio cha Wakatoliki. Lakini baada ya karatasi za London kupatikana, maneno ya karani yanaweza kusomwa jinsi yalivyo. Mzee alikuwa anadaiwa, naye aliogopa.

Mzee arudi barazani

Je, alikufa fukara? La. Hakuiuza nyumba yake ya barabara ya Henley. Mwaka 1596, William akiwa ameanza kupata pesa London, ofisi ya serikali ya nembo za koo ilimpa John haki ya kuwa na nembo yake na kuitwa bwana mheshimiwa. Katika rasimu ya hati hiyo mali yake imekadiriwa kuwa pauni 500.

Mnamo 1599 mzee alimshtaki John Walford, mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Marlborough, akimdai pauni 21 za todi 21 za sufu. Sufu hiyo iliuzwa mwaka 1568. Alikuwa amelikumbuka deni kwa miaka 31! Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakumjua mzee huyu.

Na mwaka 1601 mji wa Stratford ulipogombana na bwana mkubwa Edward Greville kuhusu haki zake, baraza liliandika majina ya wazee wanaoweza kutoa ushauri na ushahidi. Miongoni mwao yumo John Shakespeare, na yumo Adrian Quiney, jirani wa ile faini ya taka. Septemba 8 mwaka huo, daftari la kanisa linarekodi mazishi yake.

Basi hukumu ni ipi? Karatasi hazimwonyeshi malaika. Alivunja sheria za biashara akijua. Lakini hazimwonyeshi mzembe pia. Zinamwonyesha mtu aliyetafuta kupita kiwango alichowekewa, akabanwa na sheria, wachongezi na shemeji, akakaa kimya miaka mingi, lakini hakupoteza nyumba wala heshima ya waliomjua.

Sanduku la nyumbani

Zingatia pia ni karatasi za aina gani zilizomhifadhi. Siku alizokula na wanawe kwa furaha hazikuandikwa. Yaliyoandikwa ni faini, mkopo, rehani na kesi. Ndivyo ilivyo kwetu pia. Babu zetu wengi hawakuandika vitabu, lakini walilipa kodi, walibeba kipande, waligombea mipaka ya mashamba na kusimama mbele ya mahakama.

Baadhi ya kumbukumbu hizo, zikiwemo faili za wilaya za enzi ya ukoloni, zimo katika jumba la Nyaraka za Kitaifa kwenye Moi Avenue, Nairobi, ambalo wengi wetu hulitumia tu kama mahali pa kungojana. Nyingine zimo ndani ya sanduku chini ya kitanda cha nyanya: stakabadhi ya karo, barua ya mkopo, kadi ya kliniki, hati ya shamba.

Likizo hii, kabla hujaitupa karatasi kuukuu kwa sababu inazungumzia deni lililokwisha kulipwa, isome kwanza. Mwulize mzee ni ya nini, kisha uandike nyuma yake jina, mwaka na mahali. Wajukuu wako watakapotaka kujua ninyi mlikuwa watu wa namna gani, huenda hilo deni ndilo litakalowatetea.